Mtoto wa la pili hataki kunywa maji shuleni, chupa inarudi imejaa. Nianzie wapi?

Mama Dula wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka saba, yuko darasa la pili shule ya serikali huku Mbagala. Asubuhi namjazia maji chupa yake ya nusu lita, anaondoka nayo, mchana anarudi nayo imejaa vilevile. Na akifika hasalimii mtu. Begi linatupwa mlangoni, anapitiliza chooni huku amejishika. Kuna siku hafiki, inamtoka palepale uani kwenye kamba za nguo, halafu analia kwa hasira na hataki nimwangalie.

Bibi yake anasema ni michezo tu, mtoto anasahau kwenda kujisaidia. Sasa mbona Jumamosi na Jumapili anakunywa maji vizuri na chooni anaenda kama watu wote? Nikimuuliza kwa nini hunywi maji shuleni, jibu ni "sitaki". Nikimuuliza kuna mtu anakusumbua, anasema "hakuna" haraka haraka, hata swali sijamaliza.

Mwalimu wake wa darasa nilimpigia. Akaniambia, "Mama Dula, nina watoto zaidi ya mia, siwezi kujua nani kanywa maji na nani hajanywa." Sikumlaumu, darasa nimeliona, wengine wanakaa chini. Baba yake yuko safarini na lori, Tunduma, yeye kwenye simu ni "mhamishe shule". Kumhamisha kwenda wapi, na ada atalipa nani?

Mnajua tunayosikia kila siku kwenye redio kuhusu watoto. Usiku silali. Naomba anayejua anielekeze nianzie wapi, bila kumtisha mtoto na bila kumsingizia mtu.

Kifaru Mjini

Dada unasubiri nini? Nenda polisi leo. Huyo mtoto kuna mtu anamfanyia jambo, hizo ni dalili zote. Shule za siku hizi si za kuamini, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwalimu wa tuisheni.

Mzee Mkwaju

Watoto wenu mmewadekeza. Sisi tulisoma shule haina choo, tukibanwa tunaingia porini na tunarudi darasani. Leo mtoto kabana mkojo, mama halali usiku. Mwache atazoea.

Mwl wa Zamu

Mama Dula, pole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoa wa Morogoro, na kwenye shule yetu mimi ndiye nimebebeshwa malezi na unasihi pamoja na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Wa polisi na wa porini tuwaweke pembeni kidogo, nao wote wawili wameongea bila kumuuliza mtoto chochote.

Kwanza zahanati. Apimwe mkojo. Mtoto asiyekunywa maji na anayebana kutwa nzima anapata maambukizi ya njia ya mkojo kirahisi, na akishayapata kukojoa kunauma, kwa hiyo anazidi kubana. Mweleze daktari kwamba tatizo ni siku za shule tu. Kama kuna damu, michubuko au maumivu sehemu za siri, au ameanza ghafla kumwogopa mtu fulani, hapo usiendelee kunisoma mimi, fuata njia ya haraka. Nadhani kuna mtu wa ustawi humu atakueleza vizuri zaidi.

Ila kwa ulichoandika, mimi ningeanzia kwenye choo cha shule. Mtoto mdogo anayekataa maji anakuwa amepiga hesabu zake: nikinywa nitataka kwenda kule, na kule sitaki.

Mwongozo unasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Darasa la Dula peke yake, lenye watoto mia na kitu, linataka matundu kama matano. Kahesabu shule nzima ina mangapi. Halafu fikiria mapumziko: kengele inalia, madarasa yote yanatoka kwa pamoja, wa la sita na la saba wanafika wa kwanza kwa sababu wana miguu mirefu na hawaogopi mtu. Wa la pili anasimama foleni mpaka kengele ya kurudi inalia. Akibahatika kuingia, mlango hauna komeo, anaushikilia kwa mguu mmoja huku amechuchumaa, na nje kuna mtu anausukuma kwa kusudi ili wenzake wacheke. Ukifanyiwa hivyo mara moja tu una miaka saba, utarudi?

Shule nyingi zimejitahidi: uzio upo, mlinzi yupo, sanduku la maoni limetundikwa nje ya ofisi. Nyuma ya vyoo hakuna mtu mzima anayefika, kwa sababu pananuka. Sisi walimu tuna chetu, kina kufuli. Malalamiko mengi ninayoyapokea kwenye dawati hayatoki darasani. Yanatoka nyuma ya vyoo, njia ya kwenda nyumbani, na pale mtoto anapotumwa peke yake kwenye nyumba ya mtu mzima kuchukua kitu. Hilo la mwisho kwetu tumelikataza kabisa. Kama mwalimu amesahau daftari nyumbani, alifuate mwenyewe.

Namna ya kumuuliza: usimkalishe ukamkazia macho. Mpe karatasi na penseli za rangi, mwambie akuchoree shule yake, madarasa, uwanja, geti, choo, mti, kila kitu. Akimaliza mwambie apake kijani mahali anapopapenda na nyekundu mahali asipopapenda. Wewe endelea kuchambua mchele wako. Mimi nafanya hivi na watoto wa darasa la kwanza kila Januari kwenye manila kubwa, na ukitaka kujua shule yako kuliko mwalimu mkuu anavyoijua, tazama wapi wamepaka nyekundu. Akishapaka, uliza "hapa huwa kuna nini?" basi. Usimtajie jina la mtu yeyote. Mtoto akitajiwa jina anaweza kulikubali ili umwache akacheze.

Halafu nenda shule wakati wa mapumziko ya asubuhi, usiende baada ya masomo, utakuta pametulia na utaambiwa kila kitu kiko sawa. Saini daftari la wageni, mwombe mwalimu wa zamu mwende naye mpaka chooni. Usiende peke yako. Mtu mzima hatakiwi kuzungukazunguka vyoo vya watoto peke yake, hata kama ni mzazi, na shule ikikuruhusu kufanya hivyo, basi hilo nalo ni tatizo la pili.

Ustawi Kata

Nimeitwa, nimekuja. Naandika ile njia ya haraka kwa faida ya wengine pia, maana mada kama hizi watu huzitafuta baadaye wakiwa wamechanganyikiwa.

Ukihisi mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono: usimuogeshe, usifue nguo alizovaa, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa. Mpeleke hospitali na polisi siku hiyohiyo, ukiulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa fomu ya PF3, ile ya polisi ya kupimwa na kutibiwa. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, kama pale Amana, ambapo daktari, polisi na ustawi mnawakuta sehemu moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo vikao vya ukoo viahirishwe. Na usimfuate mtuhumiwa kumfokea, atakimbia.

Kama hujui uanzie wapi, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, inapokelewa usiku na mchana, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Kwa hiyo hata jirani anahusika, si mzazi peke yake.

Kwa Mama Dula, nakubaliana na mwalimu, anza na zahanati na mchoro.

Binti Kisauni

Mimi niko Mombasa, nafunza gredi ya tatu. Huku kiboko shuleni kilipigwa marufuku tangu 2001, na kuna waraka wa TSC, tume inayosimamia walimu, nambari 3 wa 2010, unaomtaka mwalimu akishuku mwenzake anamdhulumu mwanafunzi aripoti ndani ya saa 24, akinyamaza naye ana kesi. 116 hata Kenya ni nambari hiyohiyo. Lakini vyoo, dada yangu, ni vilevile. Sisi tumewazoesha wadogo kwenda wawili wawili, mmoja yuwaingia, mwengine yuwashika mlango, kisha wabadilishana. Na hawangoji kengele, mtoto wa gredi ya kwanza akiinua mkono mwalimu amwache aende. Mwalimu anayesema "subiri mapumziko" ndiye anayewatuma katika ile foleni.

Mama Dula wa Mbagala

Asanteni sana. Narudi na majibu.

Zahanati walimkuta na maambukizi kweli, amepewa dawa. Mchoro aliuchora Jumapili akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Uwanja kijani, darasa kijani, hata ofisi ya mwalimu mkuu kijani, nilishangaa. Choo kilipakwa nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni akapaka nyekundu mti. Nikasema hapa kwenye mti huwa kuna nini. Akajibu bila kuinua kichwa: "Wanakaa wakaka wa mia."

Wakuu, kumbe choo cha wavulana kina milango miwili tu inayofunga. Wavulana wa la sita wanakaa chini ya mwembe, ukitaka tundu lenye mlango unalipa shilingi mia. Huna, unaenda yale ya wazi, na ukiwa kule wanakumwagia maji ya kopo kwa nyuma ili utoke umelowa, darasani uonekane umejikojolea. Dula nampa mia mbili ya kununua kashata na ubuyu. Alichagua kashata.

Shule nilienda saa nne kamili kama nilivyoelekezwa. Mwalimu mkuu alianza kwa kusema hapa kwetu mambo hayo hayapo. Mwalimu wa zamu, dada mmoja mdogo, alikuwa amekodoa macho tu. Tukaenda wote watatu. Wavulana walipotuona wakatawanyika, mmoja akasahau kopo lenye sarafu pale kwenye mzizi. Mwalimu mkuu akaliokota, akatikisa, hakusema kitu mpaka tumerudi ofisini.

Ofisini akaniambia ukweli, milango iling'oka muda mrefu na pesa ya ukarabati hana. Nikamuuliza kuhusu dawati la watoto nililosoma humu. Lipo, kwenye faili. Mwalimu aliyeandikwa alishahamishwa. Wale wavulana amesema kesho atawaita mstarini mbele ya shule nzima wachapwe. Moyo wangu unasema sawa, halafu naona kama haiishii hapo. Mwl wa Zamu wa Morogoro, unasemaje?

Kifaru Mjini

Wachapwe mpaka wasahau majina yao. Majambazi wanaanzia hivyohivyo.

Mwl wa Zamu

Afadhali tumejua. Mpe Dula hongera kwa mchoro wake, ila usimtangaze shuleni kwamba yeye ndiye aliyesema. Mwambie mwalimu mkuu hivyohivyo, jina la mtoto lisitajwe mstarini wala kwenye kikao. Mnawachapa wale mbele ya watu wakijua nani kawataja, na Dula anatembea kwa miguu kurudi nyumbani.

Kuhusu viboko, Kifaru, kanuni za 2002 zipo: visizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na vinaandikwa kwenye kitabu. Hakuna sehemu inayosema "mpaka wasahau majina". Mimi hata hivyo vinne sivitaki, lakini tuache ubishi huo. Swali langu ni dogo: ile pesa ilikuwa inaenda wapi? Mtoto wa la sita anayekusanya mia mia kila siku, wakati mwingine kuna mkubwa zaidi anayempokea getini. Hapa kwetu niliwahi kumkuta kijana aliyemaliza shule zamani anasubiri mgawo wake kwenye kibanda cha chipsi. Waitwe mmoja mmoja, na mzazi, waulizwe. Mkiwachapa kwanza hamtaambiwa tena.

Pesa: mwalimu mkuu hakudanganyi sana. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kununulia vitabu. Inayobaki ndiyo ya chaki, mitihani, karatasi na ukarabati. Lakini kukosa pesa ya vyoo vipya si sababu ya kukosa bawaba. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ombeni agenda moja tu, vyoo vya wadogo. Matundu mawili yatengwe kwa ajili ya awali mpaka la pili, wakubwa wasikanyage. Wadogo watoke mapumziko dakika kumi kabla ya wengine. Mwalimu wa zamu azunguke huko nyuma kila mapumziko, na ratiba ibandikwe ili ijulikane leo ni nani. Dawati lipewe walimu wawili waliopo, mwanamke na mwanaume, na watoto wawajue kwa sura. Yote yaandikwe kwenye muhtasari na nakala iende kwa afisa elimu kata. Kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikusemwa.

Wazazi wakijichangia, iwe hiari. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya bawaba.

Na yule mwalimu wa zamu aliyekodoa macho, mtafute. Inaelekea alikuwa anajua na hakuwa na wa kumwambia.

Mzee Mkwaju

Hilo la kuwamwagia wenzao maji ni uhuni, halikuwepo zama zetu. Mimi nipo Rangi Tatu, nilijenga banda la kuku, nimebakiwa na bawaba nne na vipande vya mbao. Aje mtu achukue. Asije na risala.

Mama Dula wa Mbagala

Mzee Mkwaju Mungu akubariki, nitakuja mwenyewe kesho jioni, nitakutumia ujumbe unielekeze.

Kamati wamekubali kukaa Alhamisi. Kuna mzazi mwenzetu fundi seremala, atafunga milango bure. Yeye anauliza komeo la ndani aweke la aina gani, maana anaogopa mtoto wa awali ajifungie humo ashindwe kutoka.

Mwl wa Zamu

Anaogopa sawasawa, ilishatutokea. Asiweke kitasa wala komeo la chuma la kusukuma, vidole vidogo vinashindwa. Aweke kipande cha mbao kinachozunguka kwenye parafujo moja, kwa urefu wa kifua cha mtoto wa awali, si cha mtu mzima. Mlango usigusane kabisa na fremu, aache mwanya wa kupitisha rula ili mwalimu aweze kukiinua kutoka nje. Chini ya mlango uwazi wa kiganja kimoja, watu waone kama kuna miguu, usizidi hapo maana watachungulia. Na mlango ufungukie nje.

Parafujo aikaze kisha airudishe nusu mzunguko.